Maiti Hana Haraka

7 Februari, Jumamosi

Daktari anasema moyo wangu umechoka kusukuma, na maji yanayopaswa kutoka mwilini yanabaki miguuni. Nilimwuliza kama nitaona majani yakikatwa mwezi wa sita. Akaanza kukunja mpira wa kipimo chake. Nilifundisha historia katika sekondari ya bonde hili hadi nikastaafu, kwa hiyo namjua mtu anayelikwepa swali.

Basi nitaandika siku zangu tu, tangu leo hadi minada ya matope iishe, ile ya vikosi vya zimamoto theluji inapoyeyuka, kama nitafika. Lorraine, mwanangu, wewe ndiye utakayesafisha nyumba hii. Ukiikuta karatasi hii, isome kabla hujaitupa.

10 Februari

Theluji nyepesi. Sikutoka.

14 Februari, Jumamosi

Marlin Fry amekuja kuniona. Yeye ndiye chifu wa kikosi chetu cha zimamoto, na alikuwa mwanafunzi wangu, mvivu wa kuandika lakini mwaminifu. Anataka nisimamie barabara siku ya mnada nikiwa nimekaa.

"Mwalimu, nitakuwekea kiti njia panda. Wewe elekeza kwa fimbo tu."

"Nikikaa barabarani, watu wa mjini watadhani nauzwa."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye viatu vyangu, ambavyo siku hizi sivifungi kamba.

Sisi polisi wa zimamoto hatuzimi kitu. Zamani wote tulishika mipira ya maji na kupanda ngazi. Magoti yakiisha tunapewa kizibao cha manjano, tochi nyekundu na beji, tunaapishwa mbele ya hakimu, kisha tunasimamia barabara. Kazi yetu ni kusimama pale ambapo moto haupo, ili wenzetu wafike pale ulipo. Gari likipinduka, mnada ukifika, mazishi yakipita, tunaitwa, na hatulipwi hata senti. Mimi ni kapteni wao, na wageni wote wa kazi hii nimewafundisha mimi. Somo la kwanza ni hili: maiti hana haraka. Msafara wa mazishi unauheshimu, na wenye magari watasubiri hadi wa mwisho apite. Lakini king'ora kikisikika unaukata katikati, hata kama aliye kwenye jeneza ni mama yako mzazi.

Kila mara wanacheka. Kila mara nawaambia waandike.

24 Februari, Jumanne

Kesho ni Jumatano ya Majivu, kwa hiyo leo, kama desturi ya kabla ya mfungo, kikosi kimekaanga maandazi ya viazi tangu alfajiri, tukauza hadi yakaisha. Kwenye karai la mafuta alikuwa Maribel Otero, aliyehamia huku kutoka mji wa Reading miaka miwili iliyopita. Anaendesha basi la shule, na kwetu anaendesha boza la pili la maji.

"Mwalimu, hilo ni la nne," aliniambia.

"La tatu."

"Nakuhesabia tangu uingie. Daktari wako ananijua."

Rodney Stauffer alikuwa amekaa mezani kwangu. Ni kijana mwenye mikono mipana, fundi wa kuwapigilia farasi viatu, na kwetu ni mzimamoto. Alimtania: "Dada Maribel, mbona unakata kona na lile boza kama umebeba watoto wa chekechea?"

"Nyinyi mna tofauti gani nao? Wale angalau hunisalimia wakipanda."

Ukumbi mzima ulicheka. Nilikula la tano.

3 Machi

Mvua juu ya theluji. Matope. Miguu mizito.

9 Machi, Jumatatu

Salome Glick amefariki usingizini. Nililia, jambo ambalo silifanyi.

Alikuwa Mwamishi wa ng'ambo ya kijito, wa wale Wakristo wanaoishi kizamani bila magari, aliyeuza mikate mezani kando ya barabara. Verna wangu alipougua, Salome alikuja kila siku na kigari chake cha farasi, akamfunga farasi kwenye nguzo yangu ya sanduku la barua, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda cha mke wangu akishona. Hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Siku Verna alipokata roho, mimi nilikuwa dukani nikinunua balbu. Salome ndiye aliyemshika mkono.

Jioni mwanawe Elam alikuja kuomba tusimamie barabara siku ya mazishi. Elam ni mmoja wa vijana wetu wa mipira ya maji. Waamishi hawaendeshi magari yetu lakini huyapanda, na ndani ya moto hakuna anayewashinda.

"Tunazika Alhamisi. Vigari vitakuwa vingi, Mwalimu. Mama alikuwa na watu."

"Nitasimama mimi mwenyewe," nilisema.

12 Machi, Alhamisi

Tumemzika Salome. Saa ileile banda la Yonie Esh, mkulima wa mashamba ya chini, limeungua lote. Nyumbu wake sita wamekufa. Rodney ameungua mikono. Nimechoka.

13 Machi

Lorraine ameleta supu ya kuku na mahindi. Sikuimaliza.

15 Machi, Jumapili

Sikwenda kanisani. Alhamisi niliandika mistari michache, na yote ni kweli. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba mtu anaweza kudanganya bila kuandika uongo hata mmoja. Sasa nitaandika lililobaki.

Nilisimama njia panda mbele ya nyumba yangu, nikiwa na kizibao na tochi. Barabara ya makaburini inakata hapo ile itokayo bwawani kwenda mashamba ya chini. Kigari cha mbele kilikuwa kimebeba jeneza la msonobari. Vilivyofuata vilikuwa na namba zilizoandikwa kwa chaki ubavuni, kama wafanyavyo, ili kila ukoo ujue nafasi yake. Farasi walitembea polepole, na hapakuwa na sauti ila kwato na magurudumu.

Vichache tu vilikuwa vimepita redio yangu ya mkononi iliposema: banda la Yonie Esh, moto juu ya paa. Niliuona moshi nyuma ya kilima. Boza la kwanza lilipita chini kabla hata sijageuka, likitokea upande wa kituo. Huko mashambani hakuna bomba la maji la kufunga mpira. Boza moja likimwaga, jingine lazima liwe limefika, la sivyo walio ndani wanabaki na mpira mtupu.

La pili ndilo la Maribel. Lilitokea bwawani limejaa, likashuka kilima. Alikuwa amezima king'ora, kwa kuwa sote tunajua kufanya hivyo mbele ya farasi. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia panda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa upande wa vigari, wa kulia upande wake.

Niliinua wa kulia.

Sikuwa nimesahau kanuni. Niliikumbuka neno kwa neno, kwa sauti yangu mwenyewe ya darasani. Nilitazama vile vigari vyeusi, nikasema moyoni: kwa wengine sawa, kwa huyu hapana.

Maribel alitoa kichwa dirishani. "Mwalimu! Nipishe, wana maji kidogo kule!"

"Wachache tu hawa, mama. Wanamalizika."

Hawakuwa wachache. Nilijua, kwa sababu Elam aliniambia. Kiliibuka kigari, na nyuma yake kingine. Maribel alikuwa amekaza mikono kwenye usukani, paji la uso karibu liguse kioo. Hakupiga honi. Mtu mwingine angepiga, farasi wangeruka, na mimi ningepata wa kumlaumu.

Ndipo Marlin akaita: "Njia panda, boza la pili limeshapita?"

"Bado," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Unaliona?"

Nililiona. Nililiona hata tope kwenye taa zake. Lakini nilisikia katika sauti ya Marlin kwamba kuna kitu kimeharibika, nikaona namna atakavyonitazama yeye, na wote niliowaandikisha ile sentensi.

"Silioni," nilisema.

Maribel hakunisikia. Watu wa maji wana masafa yao ya redio, sisi tuna yetu. Kigari cha mwisho kilipopita nilishusha mkono, naye akaondoka.

Rodney alikuwa ndani ya banda akiwafungua nyumbu mpira wa maji uliomkinga ulipokauka. Paa lilishuka. Alikinga uso kwa mikono yake, ndiyo maana uso anao.

18 Machi, Jumatano

Marlin alikuja, akavua kofia, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, nisamehe kukusumbua. Maribel anasema ulimsimamisha kwa ajili ya mazishi. Wewe kwenye redio ulisema humwoni. Watu wanasema alipotea njia, sasa anatafuta pa kujificha."

"Watu gani?"

"Watu. Yeye si wa huku, Mwalimu. Barabara zetu zinawachanganya wageni. Mimi simhukumu, nataka tu kusikia kwako."

Alikuwa amenifungulia mlango. Nilichotakiwa kufanya ni kupita.

"Sikumbuki kumsimamisha," nilisema.

Akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Nilijua. Suala litaletwa kikaoni mwezi ujao. Nadhani tutamtoa kwenye boza."

Alipoondoka alinifungia zipu ya sweta, kama mtoto.

21 Machi, Jumamosi

Mnada wetu. Matope hadi vifundoni, majembe ya kukokotwa, vitanda, mablanketi ya vipande, kelele za dalali tangu asubuhi. Nilikaa kwenye kile kiti cha Marlin, nikaelekeza magari kwa fimbo. Hakuna aliyenikosea heshima. Wengine waliteremsha vioo kunipa pole, wakidhani naumwa moyo tu.

Rodney alikuja na mkewe. Mikono yake imefungwa hadi viwiko, na mkewe alikuwa akimlisha soseji kwa uma mbele za watu.

"Madaktari wanasema kidole hiki na hiki havitakunjika," aliniambia. "Kwato utazishikaje na vidole visivyokunjika, Mwalimu?" Kisha akatazama upande wa jiko. "Na yule bado yuko hapa anauza kahawa. Mimi ningeona haya."

Mama mmoja nyuma yake alisema yeye na wenzake wameandika barua shuleni, watoto wao wasipande tena basi la Maribel. Mtu anayepotea njia wakati wa moto, alisema, atapotea na watoto.

Nilikwenda jikoni taratibu, nikishika meza. Maribel aliniwekea kahawa kabla sijaomba. Aliweka sukari, akakoroga, akanisogezea.

"Umesahau kweli, Mwalimu?"

Nilitazama kikombe.

"Basi," alisema. "Kunywa, itapoa."

Mpaka leo nilikuwa nikijiambia kwamba hanifahamu vizuri, na kwamba ni mgeni atakayeondoka siku moja. Lakini alikuwa ananijua kuliko mtu yeyote bondeni, na bado alikuwa amenikorogea sukari.

25 Machi, Jumatano

Elam Glick ameleta mkate, na pai ya molasi. Dada yake ndiye anayeoka sasa. Chumvi imezidi kidogo.

"Nimekuja kushukuru kwa Alhamisi ile," alisema. Alibaki wima, kofia mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kushukuru: "Nilikuwa kwenye kigari cha pili, nikasimama makaburini juu kuwahesabu wanaofika. Gari jekundu lilikuwa limesimama mbele yako. Lilisimama hadi shangazi yangu alipopita, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho."

"Umemwambia nani?"

"Sikuulizwa."

Ukimya wao si kama wetu. Haukusukumi. Unakuacha peke yako chumbani.

"Mama hakuwahi kumsubirisha mtu," alisema akivaa kofia. "Hata mkate ukiwa tanuruni, alikupa wa jana bure ili uende zako. Asingependa."

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Nguzo ya sanduku la barua bado ina alama ya kamba ya farasi wa mama yake.

28 Machi

Wamesimamisha banda jipya la Yonie kwa siku moja. Kutoka dirishani niliona mbavu zake zikiinuliwa, na wanaume juu ya mbao kama ndege juu ya waya. Jirani mmoja amempa nyumbu wawili, mwingine wawili. Yonie hamlaumu mtu. Kwake moto ni moto. Vidole vya Rodney, hakuna anayeweza kuvijenga kwa siku moja.

1 Aprili

Miguu imepasuka ngozi, inavuja. Lorraine anataka nihamie kwake. Nimemwambia baada ya Jumatatu.

6 Aprili, Jumatatu

Lorraine alinipeleka kikaoni akiwa amenuna. Nilimwambia kuna jambo la kusema. Alijibu, "Baba, si uandike tu?" Nilimwambia nimeshaandika, na haikusaidia.

Ukumbi ulikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Rodney alikaa mbele, mikono imelala mapajani. Maribel alikaa peke yake karibu na mlango, koti hajavua. Marlin alisoma ajenda, akafika kwenye suala la dereva wa boza la pili, akakohoa.

Nilisimama. Walinyamaza wote, kama darasani.

"Maribel Otero hakupotea," nilisema. "Alifika njia panda akiwa na maji kamili, nami nikamsimamisha ili Salome Glick apite. Chifu aliponiuliza kama namwona, nilisema simwoni, naye alikuwa mbele yangu. Alipokuja nyumbani kuniuliza, nikasema sikumbuki. Nilikumbuka. Mikono ya Rodney ni kazi ya mkono wangu huu."

Nilitarajia kelele. Nilitarajia Rodney asimame. Hapakuwa na kelele. Walinitazama kwa huruma, na baadhi ya akina mama macho yao yalilowa. Marlin alishuka jukwaani, akanishika bega.

"Mwalimu," alisema polepole, "wewe ni mtu mwema. Sote tunajua huo moyo wako. Lakini huna haja ya kumbebea mtu mzigo wake, hasa sasa, na hali yako hii."

"Marlin, nakuambia lililotokea."

"Najua, najua. Keti kwanza."

Hawakuniamini! Jina nililolijenga miaka yote, ambalo lilifanya uongo wangu uaminike kwa neno moja, ndilo sasa lililoigeuza kweli yangu kuwa sadaka ya mzee anayekufa. Nilimtazama Maribel. Alikuwa akitazama kiganja chake, akitikisa kichwa, karibu acheke.

Ndipo nikamkumbuka yule ambaye hakuulizwa.

"Elam Glick," niliita, kwa ile sauti iliyokuwa ikiwaamsha nyuma ya darasa. "Nakuuliza mbele ya wote. Siku ya kumzika mama yako, ulimwona nani njia panda?"

Elam aliinuka ukutani walikokaa Waamishi wenzake.

Mtu mmoja alisema, "Kwanza aape."

"Sisi hatuapi," Elam alisema. "Ndiyo yetu ni ndiyo. Nilimwona Mwalimu, mkono juu. Nililiona boza jekundu limesimama, na dada yule ndani yake. Lilisimama hadi shangazi Lomie akapita."

"Mbona hukusema?" Marlin aliuliza.

"Nilingoja Mwalimu mwenyewe aniulize."

Sasa walinitazama kwa macho mengine, na hayo ndiyo yaliyokuwa haki yangu. Nilivua beji, nikaiweka mezani mbele ya Marlin. Mikono yake haikuigusa. Rodney aliinuka, akapita kando yangu, akafika mlangoni, akagundua hawezi kuzungusha kitasa. Maribel alisimama, akamfungulia.

Lorraine aliendesha hadi nyumbani. Alipozima gari alisema, "Ungeweza kufa nalo, baba." Sijui kama alikuwa ananisifu au analalamika.

12 Aprili, Pasaka

Kengele. Hakuna aliyekuja, nami sikutegemea.

15 Aprili

Rodney amepita kwenye gari, mkewe akiendesha. Aliniona dirishani. Hakusalimu. Nimeandika barua kwa mkuu wa shule kuhusu basi. Nyumba hii itauzwa, na sehemu ya fedha ni ya Rodney. Lorraine amekubali. Fedha haivikunji vidole.

19 Aprili, Jumapili

Maribel amekuja akiwa na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye kiti cha Salome, bila kujua ni cha Salome.

"Wamenirudishia boza," alisema. "Na basi. Yule mama wa barua ameniletea keki. Nimempa mbwa."

"Ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Mbwa aliipenda."

Nilicheka hadi nikakohoa, na yeye akaniinulia mto. Nilimwomba msamaha. Alimenya chungwa lote kabla ya kujibu.

"Sijui, Mwalimu. Kusimamishwa ningekusamehe palepale. Wewe ulimwona yule mama, mimi niliona vigari tu. Lakini zile wiki tatu nilianza kujiuliza mwenyewe kama kweli nilifika njia panda. Hilo bado sijui nilifanyie nini."

"Usiharakishe," nilisema.

"Siharakishi. Wewe ndiye mwenye haraka."

Tulikula chungwa. Kisha nikamwambia ninachotaka. Nikizikwa, najua Marlin atataka kuweka magari ya kikosi nyuma ya jeneza, kama desturi. Naomba la kwanza nyuma yangu liwe boza lake, na liwe limejaa maji.

"Halafu tukiitwa kwenye moto katikati ya mazishi?"

"Unafikiri utafanya nini?"

Alinitazama sana. "Nitakuacha barabarani, Mwalimu. Nitakupita ubavuni na king'ora juu, na hutaniona tena."

"Andika," nilimwambia.

25 Aprili, Jumamosi

Leo ni mnada wa mwisho, wa kikosi cha jirani. Mkono unatetemeka, Lorraine, vumilia mwandiko.

Alasiri watu walikuwa wakirudi nyumbani. Vigari na magari vilipanga mstari mrefu kupita njia panda, vingine vimefungwa viti na majembe juu. Harvey Trostle ndiye alikuwa pale, amevaa kizibao kilichokuwa changu. Yeye pia nilimfundisha, na magoti yake ni mabaya kama yalivyokuwa yangu. Nilisikia ving'ora vya kikosi vikiita, kisha nikaona taa juu ya kilima cha bwawani.

Harvey aligeuka, akaona. Hakusita. Aliinua mkono wa kushoto, akaukata mstari katikati, baba huku, wanawe kule, na farasi wakasimama wakitikisa vichwa.

Boza la pili lilishuka kilima. Nilimwona Maribel kwenye usukani, amekaa wima. Hakutazama dirisha langu.

Hakupunguza mwendo.